Volkswagen ya zamani inayokosa sailensi: kujua kama ni jeti, na ni namba ngapi

Malalamiko huanza hivi. Gari linawaka alfajiri bila shida, linatoka Shangani hapa Mtwara kuelekea sokoni, likifika kwenye makutano linatetemeka kisha linazima. Limekosa sailensi, yaani ule mngurumo wa injini wakati mguu haujakanyaga mafuta. Ukikanyaga mafuta linakubali, ukiachia linazima tena. Ukimweleza fundi au jirani, kabla hata hajafungua mlango wa injini huko nyuma anakwambia, "Jeti ndogo hiyo, kaka. Weka kubwa, au leta tuipanue."

Mara chache anakuwa amepatia. Kwenye injini yangu moja ya cc 1600 nilibadili jeti, kile kijiskrubu chenye tundu la kupimia petroli ndani ya kabureta, mara tatu kabla sijaona kuwa raba ya manifoldi, bomba linalopeleka hewa na petroli kwenye silinda, ilikuwa imepasuka upande wa chini, mahali ambapo jicho halifiki bila kioo. Jeti zote tatu hazikuwa na kosa. Siku zote hizo nilikuwa naongeza petroli ili ilingane na hewa ya wizi, na gari likawa linanuka, linakula mafuta na bado linazima. Ndiyo maana naandika haya kwa mpangilio wa dalili, na jeti nimeiweka mwisho. Ukiwa umemaliza mengine yote, skrubu ya mchanganyiko wa petroli na hewa itakwambia yenyewe unahitaji namba ngapi.

Jeti ya sailensi inafanya nini

Ni kijiskrubu cha shaba chenye tundu katikati. Kipepeo cha kabureta, kile kibamba kinachofunguka ukikanyaga mafuta, kikiwa kimefungwa, mvuto wa hewa kwenye koo la kabureta ni mdogo mno kuvuta petroli kupitia mfumo wa jeti kubwa. Petroli ya kuishikilia injini hapo hupita kwenye jeti ya sailensi, inachanganyika na hewa kidogo, inashuka kwenye kinjia chembamba na kutokea chini ya kipepeo. Tundu hilo la kutokea ndilo linalofunguliwa na kubanwa na skrubu ya mchanganyiko.

Jambo ambalo wengi hawalijui, na ndilo linalosababisha dalili zisomwe vibaya, ni kwamba kinjia hicho hicho kina vitundu vingine vidogo pembeni mwa ukingo wa kipepeo. Unapokanyaga mafuta kidogo tu, kipepeo kinavipita na vinaanza kutoa petroli. Kwa hiyo jeti hii inalisha gari likiwa limesimama, linapoanza kuondoka, na pia ukiwa unatambaa barabarani kwa mguu mwepesi. Kwenye kabureta mbili za Weber inaweza kuendelea kubeba mzigo hadi injini inakaribia mizunguko 2,500 au 3,000 kwa dakika. Gari linalokatakata kwenye kilomita 55 kwa saa kuelekea Mikindani linaweza kuwa na tatizo la jeti ya sailensi hata kama sailensi yenyewe ni tulivu.

Namba iliyochongwa juu yake ni kipenyo cha tundu kwa sehemu za mia za milimita. Namba 55 ni milimita 0.55, namba 60 ni milimita 0.60. Inaonekana tofauti ndogo, lakini petroli inapita kwenye eneo la tundu, na eneo linakua haraka kuliko kipenyo. Ukitoka 55 kwenda 57.5 umeongeza eneo kwa asilimia 9 hivi. Ukitoka 55 kwenda 60 ni asilimia 19. Ukiruka hadi 65 umeongeza karibu asilimia 40. Nikimsikia mtu anasema "nimepanua kidogo tu kwa sindano" naihurumia injini yake, kwa sababu hicho kidogo hakuna anayejua ni kiasi gani.

Jua kwanza una kabureta gani

Jina limechongwa au kutokezwa kwenye mwili wa kabureta. Injini za Volkswagen zinazopozwa kwa hewa zilitoka na Solex za aina kadhaa: 28 PICT kwenye injini ndogo, 30 PICT kwenye 1300 na 1500, 34 PICT kwenye 1600 za kuanzia mwaka 1971. Namba 28, 30 na 34 ni ukubwa wa koo kwa milimita. Usiamini maneno ya aliyekuuzia, maana gari la zaidi ya miaka 50 limeshabadilishiwa kabureta mara ngapi hakuna anayekumbuka. Nimeona Beetle ya 1300 ikiwa na kabureta ya 34 na Kombi ya 1600 ikiwa na ya 30.

Kwenye 30 PICT jeti za sailensi za 50 na 55 ni za kawaida. Kwenye 34 PICT-3 utakuta 55 hadi 65. Kabureta mpya za kunakili zinazokuja ndani ya boksi mara nyingi zina 55, na kwa injini ya 1600 yenye matundu mawili ya hewa kila upande hiyo huwa ndogo. Hapo fundi wa "weka kubwa" anakuwa amepatia.

Kitu kingine cha kutafuta ni solenoidi, kile kichupa cha chuma chenye waya mmoja. Kwenye 30 PICT nyingi jeti imeungwa kwenye ncha ya solenoidi yenyewe. Kwenye 34 PICT-3 solenoidi inafunga njia ya sailensi na jeti imekaa peke yake. Waya wake na waya wa choki ya umeme (inayobana hewa injini ikiwa ya baridi) vyote vinatoka upande wa koili unaopata umeme ukiwasha swichi.

Inazima kabisa ukiachia mafuta

Hii ndiyo dalili rahisi, kwa hiyo niimalize haraka. Ukikanyaga inaenda, ukiachia inakufa palepale kama imekatwa kisu: njia ya sailensi imefungwa. Ama solenoidi haipati umeme, ama jeti imeziba.

Washa swichi bila kuwasha injini. Chomoa waya wa solenoidi, uguse tena. Lazima usikie mlio mdogo, "tak". Kama hausikii, pima umeme kwenye waya. Umeme upo na mlio haupo, solenoidi imekufa.

Mlio upo? Toa jeti uiangalie kwa kuielekeza kwenye mwanga wa mbingu. Tundu la milimita 0.55 huzibwa na punje moja. Huku kwetu uchafu unatoka sehemu mbili. Kwanza ni petroli ya kwenye chupa na madumu ukiwa njiani vijijini, ambayo inabeba maji na vumbi. Pili ni chumvi ya bahari: kabureta ni ya aloi ya zinki, na gari likikaa miezi kadhaa karibu na ufukwe maji kidogo yaliyotulia kwenye bakuli la kabureta huacha unga mweupe. Unga huo ukibanduka unaelekea moja kwa moja kwenye jeti. Kusafisha jeti bila kuosha bakuli ni kazi ya kurudia wiki ijayo.

Safisha kwa petroli na upepo wa kompresa. Usiingize waya wa chuma wala sindano, shaba ni laini. Kama uchafu umeganda, unywele mmoja wa mswaki wa plastiki unatosha.

Hapa niseme jambo la filta ya petroli kwa sababu linagusa maisha. Iweke kabla ya pampu, nje ya chumba cha injini. Filta ya plastiki ikining'inia kati ya pampu na kabureta, uzito wake na mtikisiko huilegeza mipira, na petroli ikidondoka juu ya distributa, ile inayogawa umeme wa plagi, inashika moto. Mwili wa injini hizi ni wa aloi ya magnesiamu. Ukishika moto sawasawa, maji hayaukomeshi, yanauzidisha. Uwe na kizimamoto cha unga ndani ya gari.

Sailensi inapanda na kushuka

Injini inapanda, inashuka, inapanda, kama mtu anayehema. Mchanganyiko ni mwepesi, yaani hewa imezidi petroli. Swali ni kama petroli imepungua au hewa imeingia kwa wizi, na kwa uzoefu wangu ni hewa.

Mahali pa kutafuta ni pale kabureta inapokalia manifoldi, gasketi za manifoldi kwenye vichwa vya silinda, zile raba za kuunganisha kwenye injini za 1600 zenye manifoldi ya vipande vitatu, na mpira wa vakyumu unaokwenda kwenye distributa. Jua la kusini pamoja na joto la injini hukausha raba hizi hadi zinakuwa ngumu kama kifuu.

Wengi hupima kwa kumwagia petroli wakisikiliza injini ikibadilika. Nakuomba usifanye hivyo kwenye injini ya moto. Chukua chupa ya kupulizia, weka maji yenye sabuni kidogo, pulizia unganisho moja moja injini ikiwa kwenye sailensi. Penye ufa maji yatavutwa ndani, mlio utabadilika kwa sekunde chache. Piga na upande wa chini. Tumia kioo kidogo.

Halafu shika mkono wa kipepeo kwenye kabureta, uutikise juu na chini, si kuuzungusha. Ukisikia unacheza, shafti imekula mwili wa kabureta na hewa inapita hapo. Hili nitalirudia mwisho, kwa kuwa ndilo linalowapotosha watu wengi zaidi.

Inajikwaa unapoanza kuondoka

Hapa ndipo pesa nyingi za jeti hupotea, kwa sababu mambo matatu tofauti yanatoa dalili moja.

La kwanza ni pampu ya mafuta iliyo ndani ya kabureta, ile inayorusha petroli kila unapokanyaga. Zima injini, toa filta ya hewa, chungulia kooni, sogeza mkono wa kipepeo. Lazima uone mchirizi safi wa petroli papo hapo, ukipita kwenye upenyo wa kipepeo kinachofunguka bila kugonga kuta. Ukichelewa au ukitoka kama mate, diaframu imechoka au kijibomba kimeziba.

La pili ni distributa. Magari mengi yalitolewa distributa yake ya vakyumu yakawekewa aina ya 009 ya Bosch, ambayo inasogeza moto, yaani wakati wa cheche ya plagi, kwa kasi ya mzunguko tu, bila mvuto wa hewa. Ni imara na rahisi kutunza, sina ugomvi nayo. Lakini ikiwa na kabureta moja ya PICT, unapokanyaga kutoka kwenye sailensi moto haujasogea mbele wakati hewa imeshaingia. Injini inajikwaa. Mtu anaongeza jeti hadi kujikwaa kunapungua, kisha anashangaa plagi nyeusi. Ukiwa na 009 hakikisha kwanza taimingi imepimwa injini ikiwa imepandishwa mizunguko zaidi ya 3,000, ifike nyuzi 28 hadi 32 kabla ya kilele cha pistoni. Baada ya hapo jeti ya hatua moja juu inaweza kusaidia, lakini distributa ya vakyumu iliyo nzima inasaidia kuliko jeti yoyote.

La tatu ndiyo jeti yenyewe. Kuitenga na pampu kuna kipimo ambacho hakigharimu kitu. Injini ikiwa ya moto, shika mkono wa kipepeo kwa kidole, ufungue polepole sana, kutoka kwenye sailensi hadi karibu mizunguko 2,000, uchukue sekunde kumi nzima. Kwa mwendo huo pampu hairushi kitu cha maana, kwa hiyo injini inaishi kwa vile vitundu vya njia ya sailensi peke yake. Ikidhoofika au kukohoa katikati ya safari hiyo, njia ya sailensi haitoi petroli ya kutosha. Ikipanda laini, lakini ukifungua ghafla ndipo inajikwaa, achana na jeti, rudi kwenye pampu au taimingi.

Inakatakata kwenye mwendo wa kawaida

Barabara tambarare, gia ya nne, kilomita 50 au 60 kwa saa, mguu mwepesi. Gari linavutavuta kama linasukumwa na kushikwa. Ukiongeza mafuta kidogo linanyooka, kwa sababu jeti kubwa imeanza kuchangia. Hii ndiyo dalili ninayoiamini kuliko zote kwa jeti ya sailensi iliyo ndogo, ilimradi moto na hewa ya wizi vimeshakaguliwa.

Lakini kuna dalili inayofanana nayo kwa karibu, na hapa pwani inatokea kweli. Chini ya kabureta kuna bomba jembamba linalotoka kwenye ekzosi upande mmoja na kurudi upande wa pili, kazi yake kupasha moto manifoldi. Petroli ikivukizwa hupoza chuma. Kwenye unyevunyevu wa Mtwara wakati wa masika, manifoldi iliyokosa joto inatoa jasho hadi maji yanadondoka, na petroli inarudi kuwa matone badala ya mvuke. Injini inakatakata ingawa jeti ni sahihi. Endesha dakika kumi, simama, angalia bomba hilo. Ncha zote mbili zinapaswa kuwa za moto usioshikika; jaribu kwa tone la maji. Kama limeziba masizi ndani, litakuwa la vuguvugu tu na shingo ya manifoldi itakuwa imelowa. Linazibuliwa kwa kuchokonolewa na waya mnene wa kusokotwa na kupulizwa, kazi ya nusu siku yenye uchafu mwingi.

Inapiga risasi kwenye ekzosi ukiteremka

Teremka kutoka Newala mguu ukiwa umeachia mafuta, na ekzosi inapiga pa, pa, pa hadi watoto wanakimbia barabarani. Kwanza tafuta ekzosi inayovuja kwenye maunganisho, maana hewa safi ikiingia mle petroli isiyoungua inawakia humo. Gasketi za ekzosi ni bei ndogo. Kama hakuna uvujaji, mchanganyiko mwepesi kwenye sailensi ndio unaofuata. Injini ikikohoa kwa juu, kupitia kabureta, ni mwepesi kwa hakika, au valvu imebanwa.

Watu wa huko juu huuliza kama uwanda wa Makonde unadai jeti tofauti na ya Mtwara mjini. Hewa inakuwa nyepesi kadiri unavyopanda, hivyo mchanganyiko unakuwa mzito kidogo, kwa sababu hewa imepungua kuliko petroli. Kwa mwinuko wa Newala robo raundi ya skrubu inatosha. Nataja hili pia kwa ajili ya wanaosoma namba za jeti za Ulaya na kuzinakili. Hewa yetu ya joto na unyevu ni nyepesi kuliko ya Ujerumani wakati wa baridi, na jeti iliyomfaa mtu wa kule Januari inaweza kuwa kubwa kwako.

Inanuka petroli, plagi nyeusi

Sailensi nzito, ya kuchechemea, moshi mweusi kidogo, macho yanawasha ukisimama nyuma. Kabla hujasema jeti ni kubwa, angalia choki: kwa joto letu kile kipepeo cha juu kinapaswa kuwa kimesimama wima kabisa baada ya dakika mbili tatu. Kikibaki kimeegemea, waya umekatika au kifuniko chake kimezungushwa vibaya. Kisha angalia sindano ya bakuli, ile inayofunga petroli bakuli likijaa. Ukiona petroli inadondoka kooni injini ikiwa kwenye sailensi, sindano haifungi au pampu ya petroli inasukuma kwa nguvu kuliko inavyotakiwa. Chunguza pia kama jeti imekazwa hadi mwisho, kwa kuwa jeti iliyolegea inaachia petroli ipite pembeni mwake na namba yake inakuwa haina maana.

Kama vyote ni sawa na skrubu ya mchanganyiko inataka kufungwa karibu kabisa, hapo jeti ni kubwa. Au imeshapanuliwa na mtu kabla yako.

Injini inayoendelea kunguruma baada ya kuzima swichi ni solenoidi isiyofunga au sailensi iliyowekwa juu mno.

Kabla ya skrubu, mambo manne

Nitayapitia upesi. Valvu milimita 0.15 injini ikiwa imelala usiku kucha, asubuhi kabla ya kuwashwa. Pointi za distributa milimita 0.4. Plagi milimita 0.6 hadi 0.7. Taimingi kwa mujibu wa injini yako. Nyingi za miaka ya 1960 ni nyuzi 7.5 kabla ya kilele. Ufanye kwa mpangilio huo huo, kwa sababu pointi zikibadilika taimingi nayo inabadilika.

Skrubu inavyosema namba

Endesha hadi Mikindani na kurudi, injini ipate moto sawasawa. Choki iwe wazi kabisa. Egesha mahali tambarare.

Kwenye 34 PICT-3 kuna skrubu mbili jirani. Kubwa ni ya hewa ya pembeni, inayopandisha na kushusha sailensi. Ndogo ni ya mchanganyiko. Skrubu ya kwenye mkono wa kipepeo si ya kurekebishia sailensi, ingawa karibu kila gari ninaloliona limerekebishwa hapo. Ilegeze hadi isiguse, irudishe hadi iguse ngazi ya chini kabisa ya kile kipande cha choki, ongeza robo raundi, basi. Ukiizidisha, kipepeo kinafunua vile vitundu vya pembeni na skrubu ya mchanganyiko inakuwa haina sauti tena. Kwenye 30 PICT-1 ni tofauti: skrubu ya mkono ndiyo inayopanga kasi, na ya mchanganyiko iko moja.

Funga skrubu ya mchanganyiko kwa vidole hadi iguse, usikaze, ncha yake ni kali na itachimba mwili wa kabureta. Ifungue raundi 2 na nusu kwa 34, raundi 1 na nusu kwa 30. Washa, weka sailensi mizunguko 850 hivi kwa dakika. Sasa fungua skrubu polepole hadi injini ifike kasi yake ya juu, kisha ifunge kidogo kidogo hadi ishuke kama mizunguko 20 au 30. Rudisha 850 kwa skrubu kubwa. Rudia mara moja. Halafu zima, na uhesabu umefungua raundi ngapi kwa kuifunga tena hadi mwisho. Andika.

Kwa 34 PICT-3, kama pazuri pamepatikana kati ya raundi 2 na 3, jeti uliyonayo ni sahihi, iache hata kama rafiki yako ana namba nyingine. Ukifika raundi 4 na bado injini inataka zaidi, jeti ni ndogo. Ikitulia chini ya raundi 1 na nusu, ni kubwa. Kwa 30 PICT-1 shusha hesabu hiyo kwa raundi moja.

Badili hatua moja tu kwa wakati: 55, 57.5, 60, 62.5, 65. Gari moja la 1600 nililolishughulikia lilikuwa na kabureta mpya yenye jeti ya 55. Pazuri palikuwa raundi 4, na lilikatakata vibaya kwenye kilomita 55. Kwa 57.5 skrubu ilirudi raundi 3 na robo, kukatakata kukabaki kwa mbali. Kwa 60 ikatua raundi 2 na nusu na gari likatambaa kimya. Sikujaribu 62.5. Kila badiliko lipime kwenye barabara ile ile na saa ile ile, kwa kuwa hewa ya saa 12 asubuhi na ya saa 8 mchana si moja.

Wenye Weber mbili za 40 IDF wana koo nne, kila koo na silinda yake, na jeti nne. Skrubu zenye uzi mpana zikitulia chini ya nusu raundi, jeti ni kubwa. Zikipita raundi 2, ni ndogo. Lakini kabla ya hesabu hiyo funga skrubu moja moja injini ikinguruma. Ambayo ukiifunga injini haibadiliki, jeti ya koo hilo imeziba. Jeti hizi huziba kwa urahisi mno, na vumbi jekundu la barabara za ndani wakati wa korosho linapita kwenye filta yoyote iliyochanika. Ukibadili namba, badili zote nne.

Ununuzi

Nunua tatu kwa pamoja, uliyonayo na hatua mbili juu yake, maana ukiagiza moja moja kutoka Dar es Salaam utasubiri basi mara tatu. Jeti za kunakili zina namba zisizo za kweli mara nyingi kiasi kwamba nazipima zote kwa shina la keekee nyembamba: kwa jeti iliyoandikwa 55, la milimita 0.55 likiingia na la 0.60 likigoma, basi angalau si chini ya 55 wala haijafika 60. Usisukume kwa nguvu. Jeti iliyopanuliwa kwa mkono itupe kabisa, isije ikarudi kwenye kiboksi cha akiba ikiwa bado imeandikwa 55.

Ukifika 65 na skrubu bado inataka raundi 4

Acha kununua jeti. Injini ya 1600 ya kawaida haina sababu ya kudai zaidi ya hapo, kwa hiyo kuna hewa unayoilisha petroli. Rudi kwenye shafti ya kipepeo uliyoitikisa mwanzoni. Paka grisi nzito pande zote mbili inapoingilia kwenye mwili wa kabureta, washa, usikilize. Grisi ikivutwa ndani na sailensi ikatulia kwa dakika moja mbili, umempata mwizi. Peleka mwili wa kabureta kwa fundi mwenye mashine ya kukerezea, apanue matundu mawili kwa mstari mmoja na kuweka bushi za shaba. Mwambie apime kwa shafti yenyewe na asikisie, kwa kuwa bushi ikibana kipepeo hakitarudi na gari litabaki na mafuta wazi. Kabureta ikirudi, rejesha ile jeti ya mwanzo kabisa, funga skrubu, fungua raundi 2 na nusu, na uanze kuhesabu upya.